Mkono Kwenye Njano

Siku mliponiaga, wenzangu wa hospitali, mlinipa kitenge, saa ya ukutani na hotuba tatu, na zote nilizipokea kwa heshima, hata ile hotuba ya pili. Kisha mmoja wenu akanivuta pembeni, karibu na mlango wa farmasi, akaniuliza kwa sauti ya chini mot de passe, yaani neno la siri, ya karatasi ya oksijeni kwenye kompyuta ni ipi. Nikamjibu siijui. Akacheka, na wengine mkacheka. Najua mlichosema nilipoteremka: maman huyu mkaidi, kazi ameacha lakini ufunguo ameondoka nao. Basi nawaandikia ili mjue kwa nini visanduku vya njano vya karatasi hiyo vimefungwa, na kwa nini sikuwadanganya. Mambo ya grade, yaani cheo, na mshahara nayaacha. Mshahara wetu mnaujua wenyewe, na grade haijawahi kumponya mtu kikohozi.

Mimi ni mtoto wa Waswahili wa Uvira. Baba aliuza vitambaa, na nyumbani kwetu ukisema "batu" badala ya "watu" ulipigwa kofi la mdomo. Nilipoingia hospitali yetu ya mlimani, juu ya Kadutu, wenzangu walinicheka kila nilipofungua kinywa, wakisema nimekuja kusoma habari ya redio. Niliajiriwa kuhesabu dawa. Hesabu yenyewe ilikuwa ya kalamu na kikokotoo chenye kioo kilichopasuka, na siku ya kwanza nilijumlisha ukurasa mmoja asubuhi nzima, kila mara nikipata jibu jingine. Mwanaume aliyekaa meza ya pili alinyoosha mkono, akachukua karatasi yangu, akaikunja vizuri na kuitupa. Hivyo ndivyo nilivyojuana na Papa Murhula.

Alikuwa fundi wa vyombo vya hospitali: mizani, friji za chanjo, na zaidi ya yote oksijeni. Nyumbani kwake ni Mudaka, na kila Jumatatu aliingia na udongo wa shamba kwenye viatu, akavifuta kwa gazeti, ndipo akatusalimia. Hakuwa mpole. Ukimuuliza jambo mara mbili alikutazama kama umemkanyaga. Lakini ndiye pekee aliyekuwa na kompyuta, masalia ya mradi mmoja uliofunga na kuondoka, na ndani yake kulikuwa na tableur. Watu wa pwani, nasikia, wanaandika "lahajedwali". Sisi tulisema Excel tu, hata pale ilipokuwa programu nyingine kabisa, ya bure.

Umeme ulikuwa unakuja unapotaka, kwa hiyo masomo yangu ya kwanza ya kompyuta yalifanyika bila kompyuta. Papa Murhula alichora visanduku kwa chaki nyuma ya mlango wa depo, ghala la chupa, akaandika herufi juu na namba pembeni, akaniambia nijibu kama mashine. Nilianza kwa kumweleza hatua: kwanza nachukua hiki, halafu nagawanya, halafu naandika. Akanikatiza.

"Huku hakuna halafu," alisema. "Hatuandikake jibu, Mwaju. Tunaandika kile kitu iko. Jibu itakuja yenyewe."

Ilinichukua majuma kuelewa. Nilikuwa nimezoea kazi kama upishi, maji kwanza, unga baadaye. Yeye alitaka niseme tu kitu ni nini: saa zilizobaki kwenye chupa ya oksijeni ni ujazo wa chupa mara presha, gawanya kwa débit, yaani lita zinazotoka kila dakika, gawanya tena kwa sitini. Ukishasema hivyo umemaliza. Presha ikishuka, saa zinashuka, na kila kisanduku kinachozitegemea kinabadilika papo hapo bila kuamrishwa na mtu. Vikiingia vitu vilevile, litatoka jibu lilelile, uwe na hasira au uwe umeshiba. Jambo hilo alilipenda mno. Alisema kote mjini, ukitaka jibu, wanakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani. "Fonction haina tonton," aliniambia, yaani fomula haina mjomba wa kuombwa, nami nikacheka, maana juma lilelile binamu wa mkubwa mmoja alikuwa amepewa meza yenye dirisha.

Rangi zake mnazijua, kwa sababu hadi leo mnazitumia. Nyeupe ni ya mkono: humo muuguzi anaandika presha aliyoisoma kwenye manomètre na débit ambayo mgonjwa anahitaji. Njano ni ya fomula, na mkono wa mtu hauingii. Ukiandika namba juu ya fomula, fomula inakufa, na kinachobaki ni namba iliyokaa tu, haioni tena chochote kinachotokea. Katika bureau, yaani ofisini kwetu, kuweka mkono kwenye njano likawa jina la uongo. Aliyechelewa na hadithi ndefu ya pikipiki kuharibika aliambiwa hivyo mbele ya wote.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingi nimezisahau kwa hiari. Moja naikumbuka kwa sababu ilinichekesha. Tableur ilikataa kuhesabu, ikasema kuna mzunguko. Tulitafuta mpaka chai ikapoa. Kumbe farmasi iliandika kwamba itatoa dawa kulingana na matumizi ya vyumba, na vyumba viliandika kwamba vinatumia kulingana na kile farmasi inatoa. Kila kisanduku kilimngoja mwenzake. Papa Murhula alisema mashine ni ya kwanza hospitalini kulalamika juu ya jambo hilo, sisi wengine tumelizoea tangu uhuru.

Miaka yake ya mwisho kazini ilikuja version mpya ya tableur iliyokuruhusu kutengeneza fonction yako mwenyewe na kuipa jina. Nilimwona akifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Alitengeneza moja, akaiita SAA, akaipa ujazo, presha na débit, nayo ikarudisha saa. Kuanzia hapo hatukunakili tena fomula ndefu kutoka mstari hadi mstari. Aliandika SAA kila kitanda, ikihesabu chupa iliyopo pamoja na fungu la kitanda katika akiba ya deponi, akachapisha karatasi, akaibandika mlangoni pa salle, wodi ya wagonjwa wa pumzi, kila asubuhi: namba ya kitanda, débit, saa, na chini kabisa idadi ya chupa zilizojaa deponi. Majina ya watu hayakuwepo. Familia zilikuja kusoma karatasi ile kabla hazijamsalimia mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoanza kupata matatizo na familia. Maman mmoja aliniletea mkungu wa ndizi, akaniomba kwa adabu kabisa nimwandikie mume wake saa nyingi zaidi. Nilimweleza kwamba mimi siandiki saa, zinatokana na chupa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayejua bei itapanda, akarudi kesho yake na mkungu wa pili. Hakuwa mjinga. Maisha yake yote hakuwahi kuona namba ya serikali au ya hospitali isiyokuwa na mtu nyuma yake wa kuombwa. Ndizi tulikula, nakiri, na mume alipona kwa sababu zake.

Papa Murhula akastaafu, akarudi Mudaka kwa maharage yake na mke wake, Maman Nsimire, ambaye kwa miaka mingi alinifungia chakula cha mchana pamoja na cha mumewe, samaki tu, kwa sababu alijua sili nyama nisiyoijua ilivyochinjwa. Karatasi ikabaki mkononi mwangu. Nilidhani mambo magumu yamekwisha.

Halafu vita vikafika mjini. Mnajua vilivyokuwa, sitaeleza ya bunduki. Nitasema ya oksijeni. Mashine zinazotengeneza oksijeni zinataka umeme, na umeme ukikatika zinataka mazout, yaani dizeli, kwa groupe, jenereta yetu, na mazout haikuwepo. Zikabaki chupa. Chupa zinajazwa mbali, na barabara ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa baa. Mimi nilikuwa nimetumwa Kalehe, kumfundisha muuguzi wa kituo kimoja jinsi ya kutumia SAA. Barabara ikafungwa nyuma yangu. Nilikaa huko nikila viazi vya watu na kusikiliza simu isiyoshika.

Nilipofaulu kurudi, nusu kwa pikipiki, nusu kwa miguu yangu, niliambiwa getini kwamba Papa Murhula yuko salle ya pumzi. Mapafu. Walikuwa wamemteremsha kutoka Mudaka kwa machela. Nikapita moja kwa moja na vumbi langu. Alikuwa ameketi, mito mitatu mgongoni, masiki ya oksijeni usoni, na mabega yakipanda kila alipovuta hewa. Maman Nsimire alinikumbatia, akaanza kulia. Papa Murhula hakujibu hata salamu. Alinyoosha kidole mlangoni, kwenye namba ya mwisho ya karatasi.

"Ile chiffre ya chini," alisema, akavuta pumzi, "haitembee."

Nikamwambia apumzike, nimefika, nitaangalia.

"Hapa bamekufa babili. Bengine baliingia. Chupa zinatoka kila siku. Yenyewe iko palepale. Uende uone."

Nikaenda. Kwenye kompyuta, kisanduku cha njano cha chini, kile kinachohesabu chupa zilizojaa, kilionyesha 38. Nikakibofya nione fomula. Hapakuwa na fomula. Palikuwa na 38 peke yake, imekaa kama mgeni asiyejua kwamba ni wakati wa kuondoka. Nikachukua manomètre na ufunguo, nikaingia deponi, nikapima chupa moja moja. Kwa macho, chupa tupu na chupa iliyojaa ni sawa kabisa, na kwa kuwa hakuna gari lililokuja kuchukua tupu, zote zilisimama pamoja ukutani. Depo ilionekana tajiri. Zilizojaa hazikufika kumi.

Aliyeandika alikuwa AG wetu wa wakati ule, yule msimamizi wa utawala na fedha, ambaye hayupo tena hospitalini wala mjini. Hakukataa. Alifunga mlango wa ofisi yake, akanieleza. Watu wenye silaha walikuja wakabeba chupa kwa ajili ya majeruhi wao. Siku chache baadaye wakaja wageni waliotoa chupa zile, kuona kama bado zipo. Aliogopa kusema nani amezichukua, na aliogopa kuitwa mwizi. Basi akaandika idadi iliyopaswa kuwepo, wageni wakapiga picha, wakaenda. Kurudisha fomula hakujua, na kumwambia mtu aliona haya.

"Maman, nilifanya juu ya hospitali," alisema, yaani kwa ajili yake. Nilitaka kumchukia na sikuweza vizuri. Wangapi kati yetu hawakupendezesha namba kabla ya wageni kufika? Lakini kwa siku zote zile madaktari walisoma 38, wakatoa débit kwa mkono mkunjufu, hata wakaazimisha kituo kingine chupa.

Nikaingiza presha nilizopima, nikaandika fomula upya. Nilipobonyeza, safu nzima ya saa ilishuka kwa mara moja, kitanda baada ya kitanda, na baadhi ya visanduku vikawa vyekundu, rangi ya kitanda ambacho hewa yake haitatosha. Nikampelekea Docteur Nabintu, mkuu wa salle. Alisoma akiwa amesimama, akakaa. Alituma pikipiki tano kutafuta chupa, na wenye pikipiki walisema wakifaulu watarudi keshokutwa. Kisha akaniomba kitu ambacho sijawahi kuombwa tena, na naomba Mungu msiombwe ninyi: fomula itakayochukua akiba yote, vitanda vyote na muda wa kungoja, irudishe kikomo, yaani débit ya juu kabisa ambayo kila mgonjwa anaweza kupewa ili salle yote ifike keshokutwa. Anayehitaji kidogo apate anachohitaji. Anayehitaji zaidi ya kikomo apate kikomo.

Niliiandika bila shida. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba haikuwa ngumu. Ni mstari mmoja, kilicho kidogo kati ya mahitaji na kikomo. Kikomo kilitoka lita tano kwa dakika. Watu karibu wote walihitaji tatu, nne. Kitanda cha mlangoni, maman aliyejifungua juzi yake, tano kamili. Papa Murhula alihitaji kumi.

Docteur Nabintu aliniambia tano haimtoshi, akaniambia hana njia nyingine, akaniambia nichapishe. Kabla sijachapisha, Maman Nsimire alikuja bureau. Sijui nani alimwambia. Hakulia safari hii.

"We njo unaandikaka," alisema, akininyooshea kidole. "Umwandikie kumi."

Nilimweleza. Nilisikia sauti yangu ikimweleza vilevile nilivyomweleza yule maman wa ndizi, na niliona haya, kwa sababu safari hii haikuwa kweli. Saa siandiki, ndiyo. Lakini débit ya siku ile wauguzi walikuwa wakiweka ileile iliyo kwenye karatasi. Ningeandika kumi, angepata kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema twende kwa mume wake mwenyewe.

Nilikwenda nikitumaini, sitaficha. Nilitumaini Papa Murhula angenisaidia. Angesema lile neno lake la njano, angenifukuza kwa ukali wake, nami ningerudi kuchapisha nikilia lakini nimeagizwa. Alikuwa amebadilika tangu asubuhi, midomo ilikuwa ya kijivu. Alinivuta mkono mpaka sikio langu likafika karibu na masiki.

"Andika kumi, Mwaju," alisema. "Tafazali."

Sikuwahi kumsikia akisema tafadhali kwa mtu yeyote. Huyu ndiye aliyenifundisha, ndiye aliyechora visanduku kwa chaki. Msimlaumu. Kama hamjawahi kukosa hewa, nyamazeni. Mimi simlaumu hata kidogo.

Nikarudi, nikafungua karatasi, nikaweka mkono kwenye njano. Kwenye mstari wake niliandika kumi, nikabonyeza. Kitanda chake kikawa kumi. Na papo hapo, bila kuamrishwa na mtu, saa za kitanda cha mlangoni zikashuka na kuwa nyekundu. Zikafuata za kitanda cha pili, na cha tano. Tableur haikunigombeza. Ilifanya kile alichonifundisha kwamba inafanya. Nilikaa nikitazama ule wekundu kwa muda, nikisikia Maman Nsimire akipumua nyuma ya kiti changu. Yeye hakujua rangi ile inasema nini. Aliona kumi tu, akanishika bega, akasema aksanti.

Nikarudisha. Kumi ikawa tano tena, wekundu ukaondoka, na mkono wake ukaondoka begani kwangu. Nilichapisha, nikabandika mlangoni. Kutoka kitandani kwake karatasi ile inasomeka, mnajua ilivyo. Aliisoma, kisha akageuza uso upande wa ukuta. Hakunisemesha tena. Nilikaa karibu naye na kumshika mguu kupitia blanketi, na alikubali nimshike.

Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Innalillahi. Pikipiki zilifika siku iliyofuata kama zilivyoahidi, tatu kati ya tano, kila moja na chupa mbili zimefungwa kwa mipira. Wengine wote wa salle ile ziliwakuta wakiwa hai.

Lakini kabla ya pikipiki, kulikuwa na kazi ndogo, na ilikuwa yangu. Kitanda kikiwa tupu, mtu anaandika sifuri kwenye nyeupe, pale pa mahitaji. Niliandika. Kikomo kilipanda chenyewe, na vitanda vyote vilivyobaki vikapata saa zaidi, kimoja kimoja, mpaka chini. Yule maman wa mlangoni alipata nyingi kuliko alizohitaji. Nilikumbuka jinsi Papa Murhula alivyopenda kuona safu ikijibadilisha hivyo, alivyokuwa akigonga meza kwa kidole, nikaondoka bureau nikaenda kulia nyuma ya groupe.

Tulimzika Mudaka. Maman Nsimire alinipa mkono pamoja na watu wengine, na chakula cha msiba alihakikisha kuna samaki. Kuhusu ile kumi hajaniuliza, na kila nikimtembelea nangoja aniulize.

Juma lile nilifunga njano. Mashine inataka mot de passe, na inataka uirudie. Nilienda kwenye kisanduku kitupu, nikafumba macho, nikapiga vidole ovyo kwenye herufi kama anayepiga kinanda bila kujua. Bila kufumbua nikanakili, nikabandika pale inapoulizwa, nikabandika mara ya pili, nikafuta kile kisanduku. Mkitaka kubadilisha fomula, andikeni karatasi mpya tangu mwanzo, mchana, wengi mkiwa mnaangalia. Ni kazi ya siku moja tu kwa anayejua.

AG mpya alidhani niliwafungia watu kama yule wa zamani. Ninyi mlidhani niliwafungia ninyi. Nilijifungia mimi. Kwa sababu naijua nafsi yangu: safari ile nilirudisha, lakini Papa Murhula akiniomba tena leo, na ile tafadhali yake, ningeandika kumi na ningechapisha.